Hedifoni Zilizonong'ona

Katika chumba cha wapiga chapa, nyuma ya ukumbi wa pili wa mahakama, kulikuwa na neno moja ambalo kila mtu aliliandika bila wasiwasi isipokuwa mwanamke aliyeketi karibu na mlango. Neno lenyewe ni "haisikiki". Shahidi akimeza maneno, wakili akikohoa katikati ya swali lake, feni ikivuma karibu na kinasa sauti, mpiga chapa huandika haisikiki ndani ya mabano, kisha anaendelea na mstari unaofuata. Ni neno halali, na hakuna anayelaumiwa kwa kuliandika. Lakini mwanamke yule aliliona kama doa kwenye shuka iliyotoka kufuliwa. Angerudisha rekodi nyuma, aisikilize, airudishe tena, afumbe macho, hadi lile neno lililomezwa litoke huko lilikojificha, silabi kwa silabi.

Ndiyo maana wakamwita Masikio. Jina lilianza kama utani wa makarani, likakua, likamwenea kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Mawakili wakibishana kama shahidi alisema alifunga mlango au aliufungua, karani alitumwa kwake. Masikio alisikiliza mara moja, akasema, "Alifunga," na mabishano yakaisha. Hakuwa mtu wa majivuno. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani na mwendo wa taratibu, aliyeingia kazini enzi za kaseti na kuzizika kaseti zote. Lakini jina hilo alilipenda. Watu wengi hupita duniani bila mtu yeyote kujua wanachokiweza. Yeye chake kilijulikana hadi kwa mfagizi.

Mguu wake wa kulia ulikaa juu ya pedali. Ukiikanyaga upande mmoja sauti inakwenda, upande wa pili inarudi. Miaka ilikuwa imeuzoesha mguu huo hata ukawa na akili zake wenyewe. Nyumbani, mume wake akisema jambo huku mdomo umejaa mkate, kisigino cha Masikio kilikanyaga sakafu, kana kwamba angeweza kumrudisha nyuma.

Hedifoni za ofisi zilikuwa za zamani kama meza. Sponji zake zilianza kumenyuka, zikaacha vipande vyeusi masikioni mwake kama majani ya chai yaliyobaki kikombeni. Waya ulifungwa kwa utepe, utepe ukafungwa kwa utepe mwingine. Siku moja upande wa kushoto ukanyamaza, ukarudi, ukanyamaza tena, na mwisho pande zote mbili zikafa. Masikio alikwenda kwa mkuu wa kitengo, mama mmoja mpole aliyekuwa na jibu moja kwa kila ombi.

"Bajeti ijayo," mkuu alisema.

"Bajeti ijayo ni lini, mkuu?"

"Ukiiona uniambie na mimi."

Jioni hiyo Masikio alimweleza mumewe. Mume wake alikuwa kinyozi, na mtaa mzima ulimwita hivyo, Kinyozi. Watoto wao walikwisha kuwa watu wazima, kila mmoja na kwake, na nyumba ilibaki na vikombe viwili na maongezi.

"Nataka kununua hedifoni zangu mwenyewe," alisema.

"Zako? Kwani kesi ni zako?"

"Masikio ni yangu, baba watoto."

Kinyozi akacheka. "Hapo umenishinda. Na mimi mashine yangu ya kunyolea nilinunua mwenyewe, maana kichwa cha mtu hakisubiri bajeti. Nunua. Ila usinunue za juu kabisa. Mtu mwenye kitu cha bei ya juu kabisa hukaa akikiogopa. Wala za chini kabisa, utarudi dukani kabla hujafika nyumbani. Nunua za katikati."

"Katikati ni wapi?"

"Katikati ni pale ambapo muuzaji hafurahi sana na wewe hulii sana."

Masikio hakuwa mtu wa kununua sikio ndani ya gunia. Alitaka kuzijaribu kwa sauti anayoijua, na rekodi za mahakama haziruhusiwi kutoka nje ya jengo. Akafikiri, akapata. Asubuhi moja ya mapumziko alikwenda kwenye banda la mumewe, akaiweka simu yake juu ya rafu, kando ya kopo la poda, akaiacha irekodi. Mashine ya kunyolea ilivuma. Mkasi ulilia. Wateja wawili walibishana kuhusu mwanamume mwenye upara, kama analipa nusu bei au bei nzima. Redio iliimba chini chini. Na kwenye kona, mzee mmoja aliyefika kila siku bila ya kunyolewa chochote alikuwa akijisomea gazeti kwa sauti ya kunong'ona, kama anayesali. Mahakama yenyewe haikuwa tofauti sana na hapo: watu wengi wanasema, kitu kinavuma, na yule mwenye neno la maana yuko mbali na kinasa sauti. Hedifoni zitakazompata mzee wa gazeti, Masikio alijiambia, ndizo zangu.

Akaenda dukani na wifi yake.

Wifi, dada wa Kinyozi, aliuza nguo za mitumba, na kwake yeye kulipa bei uliyotajiwa kulikuwa sawa na kutukanwa ukashukuru. Mwenye duka alikuwa mtu mwembamba aliyechomeka kalamu nyuma ya sikio. Alianza kwa kuleta hedifoni nyekundu, zenye kung'aa, zenye herufi kubwa ubavuni. Masikio alizivaa. Mashine ya kunyolea ikanguruma kama lori linalopanda mlima, na mzee wa gazeti akazama humo asionekane tena.

"Hizi ni za kuchezea," Masikio alisema akizivua. "Mimi nataka za kusikilizia."

Mwenye duka akaonyesha nyingine, ndani ya kabati la kioo. Wifi aliinama akasoma bei, akainuka polepole.

"Hizo, kaka, zinafua na kupiga pasi?"

"Ni za hali ya juu sana, dada."

"Kwa bei hiyo ziwe zinaniamkia asubuhi. Wifi, njoo huku. Sikio halizidi kichwa."

Za tatu zilikuwa za kijivu, hazina pambo lolote, waya wake mnene, sponji zake pana za kuziba sikio zima. Ni za studio, mwenye duka alisema, bei yake ya wastani kwa sababu watu wanapenda zinazong'aa. Alizichomeka kwenye kisanduku cheusi kilichokuwa juu ya kaunta, kidogo kama kipande cha sabuni, na kisanduku akakiunganisha na simu. Masikio akavaa.

Dunia ikazimika, banda la mumewe likafunguka. Alisikia mkasi ukiwekwa juu ya kioo. Alisikia maji yakitikisika kwenye ndoo. Wale wabishi wawili walikaa kila mmoja mahali pake, huyu hapa, yule pale. Na nyuma yao wote, bila haraka, mzee wa kwenye kona alisoma tangazo la kiwanja kinachouzwa, akalamba kidole, akageuza ukurasa, na ukurasa ukasikika. Masikio aliinua kidole gumba kumwonyesha wifi yake kwamba amezipata. Hakuzivua. Alitaka kumsikiliza mzee hadi mwisho wa tangazo.

Kwa hiyo mapatano ya bei aliyaona bila kuyasikia. Aliona wifi akishika kifua. Aliona wifi akienda hadi mlangoni na kurudi. Aliona mwenye duka akiweka mkono juu ya kile kisanduku cheusi na kusema jambo refu, na wifi akakisukuma kando kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesogeza sahani ya jirani. Mwenye duka akainua mabega, akakichomoa kisanduku, akakitia kwenye droo. Sauti ikakatika. Wakapeana mikono.

"Nimemkata hadi kwenye mfupa," wifi alisema njiani, akitembea kama aliyeshinda uchaguzi. "Alitaka kukubebesha na madude mengine. Hawa watu ukinunua shati wanataka ununue na kamba ya kulianikia."

Wiki hiyo mahakama ilifunga kwa likizo, na Masikio akashikwa na mafua mazito, ya kuziba pua, masikio na hata mawazo. Alilala, akanywa chai ya tangawizi, akasikia kila kitu kama yuko chini ya maji. Hedifoni zilikaa juu ya kabati ndani ya boksi lake, kama nguo mpya inayosubiri harusi.

Aliporudi kazini alizichomeka kwenye kompyuta, kwa heshima, akakanyaga pedali.

Kesi iliyomngoja ilikuwa ya mjane mmoja na jirani yake, na ukuta ambao jirani aliujenga kati ya nyumba zao, ukamfungia mjane dirisha la jikoni. Hakimu alisikika kwa mbali. Wakili kwa mbali zaidi. Mjane, aliyekuwa mtu wa sauti ndogo, alikuwa kama pumzi nyuma ya pazia. Masikio alipandisha sauti hadi mwisho, hadi alama kwenye kompyuta ikagoma kwenda mbele. Bado pumzi, bado pazia.

Ni mafua, alijiambia. Yatakwisha.

Mafua yakaisha. Pua ikafunguka, harufu zikarudi, ya vumbi la makaratasi na ya sabuni ya mfagizi. Mjane hakurudi. Zile hedifoni za zamani zilikwisha kutupwa, kwa hiyo hakuwa na cha kulinganisha nacho. Alikumbuka vizuri kwamba dukani alisikia hadi ukurasa wa gazeti. Hilo lingeweza kumtuliza, lakini lilimtisha zaidi: dukani ilikuwa kabla ya mafua.

Mama yake alianza hivyo hivyo, baada ya homa. Alikuwa na umri kama huu wa Masikio. Kwanza aliacha kusikia mlango ukibishwa, kisha jina lake, kisha wajukuu. Hakuwahi kusema. Kwenye shughuli za familia aliketi katikati ya watu, amejipamba, akitazama nyuso, na wengine walipocheka naye akacheka, nyuma yao kidogo tu. Masikio alikuwa binti mkubwa na alikuwa amekaa karibu naye. Kile kicheko cha kuchelewa hakijamtoka hadi leo.

Mwenye hofu hakosi ushahidi. Sasa Masikio aliupata kila mahali. Kinyozi alimwita kutoka upande wa kushoto, akachelewa kuitika. Karani alimwambia jambo kwenye korido, akalazimika kuuliza, "Umesemaje?" Zamani jambo kama hilo angelisahau papo hapo. Sasa alilibeba hadi nyumbani na kulala nalo.

Na kwenye kurasa zake neno likaanza kuota. Haisikiki. Haisikiki. Alilichapa haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa.

Meza ya pili ilikuwa ya mwanamume waliyemwita Bwana Koma, kwa sababu aliweza kugombana na hakimu mzima kuhusu mahali pa koma. Yeye ndiye aliyesoma kazi ya Masikio kabla haijapelekwa juu.

"Masikio," alisema, akishika karatasi mbali na uso wake. "Umepanda haisikiki humu kama mtu anayepanda maharage. Hata nafasi kati yake ni sawasawa."

"Kinasa sauti kibovu."

"Kinasa sauti ni kilekile cha siku zote."

"Basi mjane anasema chini."

"Mjane gani amewahi kusema chini ukamkosa wewe?" Hakusema kwa ubaya. Akaendelea kusoma, akafika mahali ambapo wakili alisema jirani alionywa mara nyingi kuhusu ukuta huo, akatikisa kichwa. "Sikio la kufa halisikii dawa," Bwana Koma alisema, akimkusudia jirani, akaweka koma.

Masikio alitazama vidole vyake juu ya vibonye. Ni methali aliyoisikia tangu utotoni, na hakuwahi kuifikiria kama habari ya mtu.

Angeweza kumwambia, "Hebu vaa hizi usikilize." Lilikuwa jambo la sekunde chache. Lakini mtu aliyeitwa Masikio anamwombaje mwenzake masikio? Akasubiri Bwana Koma atoke, akarudisha mjane nyuma, akafumba macho, akamkosa tena.

Akaanza kupita kwenye banda la mumewe jioni. Aliketi kwenye benchi la wateja na kuangalia kioo kikubwa, ambamo midomo ya watu wote ilionekana ikisema, na akajifunza kuisoma. Aliziba masikio kwa vidole kama anayechoka na kelele, akajipima: yule amesema "wembe", yule amesema "kesho". Kinyozi alimwona.

"Unanivizia nini siku hizi?"

"Nakutazama tu."

"Uzee mwema huu," Kinyozi akawaambia wateja. "Ninyi wake zenu wanawatazama?"

Ijumaa alimwambia mkuu wa kitengo kwamba Jumatatu angekuja ofisini kwake na jambo. Alikwisha kuamua. Angeomba ahamishiwe masjala. Alikwenda hadi huko chini kupaona: rafu ndefu za chuma, mafaili yamefungwa kwa kamba, taa moja, utulivu wa vumbi. Faili halinong'oni. Mtu anaweza kufanya kazi humo hadi kustaafu bila mtu kujua kama anasikia. Alisimama kati ya rafu na kuwaza kuhusu sauti zote alizopata kuzisikiliza maishani, waongo kwa wakweli, wenye kigugumizi, waliolia, waliosahau kwamba wananaswa na kujisemea peke yao, na akajiona kama mtu anayefungasha vyombo vya nyumba ya watu waliokufa.

Jumamosi wifi alikuja, kama kawaida yake, bila kubisha.

"Ziko wapi nilizozipigania?" aliuliza kabla hajakaa. "Nataka kuzivaa na mimi nijue matajiri wanasikiaje."

Masikio alimletea boksi. Wifi alizivaa juu ya kilemba, akazivua, akavua kilemba, akazivaa upya, akachomeka waya kwenye simu yake, akachagua wimbo. Akasubiri. Akakunja uso. Akaigonga simu kwa kiganja.

"Mbona zinanong'ona?"

Masikio, aliyekuwa anamimina chai, aliacha kumimina. "Umesemaje?"

"Nasema zinanong'ona. Nimepandisha hadi mwisho. Kama mbu aliye chumba cha pili."

"Rudia."

"Zi-na-nong'o-na. Wifi, umekuwa kiziwi?"

Masikio aliweka birika chini. Alianza kucheka, na kicheko hakikukubali kuisha, kikapanda, kikamwaga machozi, hata wifi akavua hedifoni na kumshika mkono, na Kinyozi akatoka uani na taulo begani kuuliza nani amekufa.

Ndipo akawaeleza. Mafua, mjane, maharage ya Bwana Koma, masjala, kioo. Walimsikiliza wamesimama.

"Kwa hiyo siku zote hizo," Kinyozi alisema mwishowe, "ulikuwa unatazama midomo yangu?"

"Ndiyo."

"Mimi nikafikiri unanipenda."

"Nyamaza wewe," wifi akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Alikuwa akizitazama zile hedifoni. "Wifi. Yule bwana, siku ile, alisema kitu kuhusu kile kisanduku. Kwamba vinakwenda pamoja. Kwamba hiki bila kile ni kazi bure. Nikadhani ni maneno ya dukani." Akajifunika uso kwa kilemba. "Nilikata bei, nikakata na roho ya kitu chenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa huko ndani na mzee wako wa gazeti! Na wewe mbona hukusema unaumwa masikio? Mficha uchi hazai."

"Nimekwisha kuzaa," Masikio alisema, akifuta macho. "Vaa kilemba chako, twende."

Mwenye duka aliwatambua tangu mlangoni, akaanza kutabasamu kwa tahadhari.

"Nilimwambia dada," alisema. "Za studio hizi zinakula. Simu na kompyuta vinazilisha kwa kijiko. Hii amplifaya, ya kukuza sauti, inazilisha kwa sahani." Kile kisanduku cha siku ile kilikwisha kuuzwa. Alikuwa na kimoja kikubwa chenye taa za buluu, ambacho wifi hakutaka hata kukitazama, na kingine cha zamani, kimekwaruzwa kwenye kona, chenye vitufe viwili vya kuzungusha. Kimoja kilipandisha sauti. Cha pili kiliisogeza, upande wa kulia au wa kushoto.

Masikio alivaa, na banda la mumewe likafunguka kama mwanzo. Mkasi, ndoo, wabishi, mzee. Alisimama pale akiwa amefumba macho, na kama kungekuwa na kiti angeketi. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa kazi yake, akasikiliza kama kazini. Kulikuwa na kitu. Ukurasa wa gazeti ulisikika kulia. Kushoto haukusikika. Akageuza hedifoni, ya kushoto ikawa kulia, ya kulia ikawa kushoto. Kama kosa ni la hedifoni, litahama nazo. Halikuhama. Lilibaki palepale lilipokuwa, upande wa kushoto wa kichwa chake.

Alirudisha hedifoni zilivyokuwa. Hakushtuka. Aliyemtisha siku zote hizo alikuwa jitu lisilo na uso. Huyu alikuwa mdogo, ana mahali pake na ana kiasi chake.

"La kushoto limechoka kidogo," alimwambia wifi.

Wifi akamshika bega. "Sasa?"

"Sasa? Mfanyakazi mzee huongezewa posho." Akakizungusha kile kitufe cha pili polepole kuelekea kushoto, kidogo, kidogo tena, hadi mzee wa gazeti akasogea kutoka kulia, akaja akaketi katikati, akalamba kidole.

Mapatano ya bei yalipoanza, Masikio alizivua hedifoni na kuziweka juu ya kaunta.

"Kwani huniamini?" wifi aliuliza.

"Nakuamini sana. Nataka kukusikia."

Wifi akashika kifua, akaenda hadi mlangoni, akarudi. Mwenye duka akaapa kwa watoto wake. Safari hii kila kilichokuwa juu ya kaunta kilibaki juu ya kaunta, na waya wa kuunganishia akawapa bure, labda kwa kuchoka.

Jumatatu, mkuu wa kitengo alipita mlangoni kwa wapiga chapa. "Ulisema una jambo."

Bwana Koma alikuwepo. Makarani wawili walikuwepo. Masikio alisimama.

"Nilitaka kuomba kuhamia masjala, mkuu. Nimebadili. Naomba kuhamia dirishani, ili wenzangu wote wawe kulia kwangu. Sikio langu la kushoto linapungua."

Makarani wakatafuta pa kuangalia. Mkuu akasema meza haihitaji bajeti, ihamishwe. Bwana Koma ndiye aliyeinua upande wa pili wa meza, na walipokuwa wanaibeba akainama kwake.

"Kumbe miaka yote niliyokusengenya upande wa kushoto..."

"Hiyo niliisikia," Masikio alisema. "Ndiyo iliyolichosha."

Akaunganisha kompyuta, kisanduku na hedifoni, akazungusha vitufe viwili kwa vipimo vyake, akakanyaga pedali. Mjane alikuwa mbele yake. Sauti ndogo, yenye mikwaruzo, ya mtu aliyezoea kusema na chungu na mtoto. Alieleza jinsi jua lilivyokuwa likiingia jikoni asubuhi, na jinsi sasa anavyowasha taa mchana kutafuta chumvi. Ukurasa kwa ukurasa, Masikio alirudi kwenye yale maharage aliyoyapanda na kuyang'oa, na mahali pa kila moja akaandika alichosema mjane.

Likabaki moja. Wakili alikuwa ameuliza, "Marehemu mume wako aliukubali ukuta huu?" Baada ya hapo, kwenye karatasi, mabano na lile neno. Masikio alisikiliza. Akasikia feni, benchi likilia mahali fulani, kitu kikikwaruza. Akarudisha. Akafumba macho. Akarudisha tena.

Halafu akazivua hedifoni, akageuka kulia.

"Bwana Koma. Njoo unisikilizie hapa."

Bwana Koma alimtazama kana kwamba ameitwa na hakimu. Alikuja akijifuta mikono kwenye suruali, akavaa, akasikiliza ameinamisha kichwa. Masikio alikanyaga pedali, rekodi ikarudi, ikaja, ikarudi.

"Hapa hakuna kitu," Bwana Koma alisema.

"Hakuna, au husikii?"

"Hakuna. Feni ipo. Kalamu ya hakimu ile inakwaruza. Yeye hakusema kitu. Amenyamaza."

Masikio alivuta kibodi, akafuta haisikiki, na mahali pake akaandika: Shahidi alinyamaza.

"Koma au nukta?" Bwana Koma aliuliza, bado hedifoni zikiwa kichwani mwake.

"Ngoja," Masikio alisema, akazichukua, akazivaa, akakanyaga pedali mbele. Feni ilivuma. Kalamu ikasimama. Kisha, karibu kabisa, katikati ya kichwa chake, mjane alivuta pumzi na kuanza kusema.

"Koma," alisema Masikio.